Vikombe vya Bi Mwanatumu

Nakumbuka Alhamisi ile ibada ya akina mama ilipofika chumbani kwangu Ukunda, nami nikaiharibu kwa neno moja. Nisikilize, mwanangu. Wewe si wa kwanza kanisani petu kurudisha sare ya hoteli.

Nilikuwa dobi katika hoteli moja ya Diani, msichana wa Makueni aliyeshuka pwani na sanduku moja na maringo mengi. Shuka nilizopiga pasi mimi hazikuwa na kunyanzi, na nilihakikisha kila mtu analijua hilo. Kisha wageni wakaacha kuja, hoteli ikafungwa. Miezi ikapita bila kazi. Siku ile ya ibada sanduku langu lilikuwa limekwisha fungwa. Kesho yake ningerudi kwetu, na nilikuwa nimeapa moyoni kwamba kanisani sitakanyaga tena. Niliona Mungu amenisahau.

Desturi yetu ni ile ile unayoijua: kila mmoja ataje jambo analolishukuru na jambo analolitumaini, mwenye nyumba awe wa mwisho, ndipo chai iguswe. Zamu ikanifikia. Nikasema, "Sina la kushukuru wala la kutumaini. Kunyweni chai."

Mama Ndinda, mzee wetu wa kanisa, mkulima wa Shimba Hills, hakunikemea. Alikunja mikono mapajani.

"Basi tutakungoja, mwanangu. Hatuna haraka."

Wakangoja kweli. Ngojangoja huumiza matumbo, na ya wengine nilikuwa nikiyasikia. Chai ikapoa. Nilikasirika hadi machozi yakanilenga, nikainamisha uso nisiwatazame, na macho yakaangukia vikombe. Havikuwa vyangu. Bi Mwanatumu, mama Mdigo aliyenipangisha chumba, Mwislamu wa swala tano, alivitoa kabatini asubuhi ile bila kuombwa. Vilikuwa vikombe vya arusi yake, ambavyo hata wanawe hawakuruhusiwa kuvigusa. "Wageni wa Mungu hawanyweshwi kwa mikebe," aliniambia, akaenda zake.

"Nashukuru kwa vikombe," nikasema.

Mama Ndinda akalitazama sanduku pale pembeni. "Na la kutumaini?"

Sikuwa nalo, mwanangu. Nililisema kabla sijaliamini. "Natumaini Alhamisi ijayo mtanikuta."

"Amina," wakaitikia, wakanywa chai ile baridi na kuisifu.

Baada ya kusema hivyo mbele ya watu, ningeondokaje? Nililifungua sanduku, nikatoa pasi yangu ya makaa. Bi Mwanatumu akaniletea kanzu za Ijumaa za mumewe, akawaambia na jirani zake, na nguo za Jumapili zikafuata. Kwa pasi ile nilikaa, nikaolewa, nikasomesha watoto. Najivuna, sikufichi. Lakini kuliko hayo yote najivunia wale wanawake waliokaa na njaa mpaka nikapata neno.

Kwa hiyo shika hili. Usingoje jambo kubwa ndipo ushukuru. Anza na kilicho mbele yako, hata kama ni cha kuazima. Na tumaini halitunzwi kwa kukaa kimya. Litamke mbele ya wenzako hata kama sauti inatetemeka, kisha uende ukafungue sanduku. Hakuna marefu yasiyo na ncha, na baada ya dhiki faraja, ila faraja ikija ni vyema ikukute hujaondoka.

Nimesikia Alhamisi hii ibada iko kwako, na kwamba umeanza kutafuta udhuru. Uache. Bi Mwanatumu, Mungu amrehemu, aliniachia vile vikombe, nami nitakuja navyo mapema. Bwana akulinde, aibariki mikono yako, akutie neno kinywani zamu yako itakapofika. Na likichelewa, tutakungoja.