Muuza maua wa Pasua anayeuliza wateja kama wana ng'ombe

Saa moja kasorobo asubuhi, Pasua, mjini Moshi. Elisifa Swai anapanga vyungu vyake kando ya barabara: maua mekundu mbele, ya njano nyuma, kwa kuwa jicho la mteja, anasema, hukimbilia nyekundu.

Mama mmoja ananyanyua chungu na kuuliza bei.

"Elfu tano. Una ng'ombe nyumbani?"

"Mae! Nimekuja kununua ua, sijaja kuposa binti."

Elisifa hacheki. "Kama unaye, au mbuzi, au hata sungura, usimpe majani haya wala maua yake. Ukipunguza matawi, yafukie."

Mteja analipa na kuondoka akitikisa kichwa. Wauza nyanya wa jirani wamempachika Elisifa jina la Bwana Mifugo, na hucheka kila anapouliza swali lake. Hawajui kwa nini analiuliza.

Ni mwanamke wa miaka 54, mzaliwa wa Machame, na kila siku huteremka mjini na kupanda tena. Miaka kumi iliyopita mke wa mchungaji wa kanisa alimpa tawi moja la ua ambalo wauza miche huliita kalankoe: majani manene yaliyojaa maji, na vichwa vya maua madogo yanayodumu mwezi na zaidi. Tawi hilo ndilo mama wa vyungu vyote hivi. Limemsomesha binti yake Stella uuguzi.

"Halitaki kubembelezwa," anaeleza. "Ukilimwagilia kila siku linaoza. Maua yakisinyaa, kata vichwa. Kisha kila jioni lifunike kwa ndoo mpaka asubuhi, wiki sita hivi. Litachanua tena."

Wiki nzuri huuza vyungu thelathini. "Ni kazi safi," anasema, halafu anainama na kuanza kufuta chungu ambacho tayari kinang'aa. "Ilikuwa safi."

Mwezi wa sita mwaka huu alikata vichwa vya vyungu sitini kwa mpigo. Huko mlimani jani bichi halitupwi. Ng'ombe hufugwa zizini mwaka mzima, majani hutoka tambarare kwa jasho na kwa fedha, na anayetupa kijani huku jirani yake ana ng'ombe huitwa mchoyo. Elisifa hana ng'ombe. Alijaza makarai mawili akayapitisha juu ya uzio kwa Gladys, mjane wa jirani, ambaye ng'ombe wake mmoja wa maziwa ndiye aliyekuwa tegemeo lake.

"Mama Ronald, pokea! Leo na yeye ale maua ya mjini," alitania.

Siku ya tatu ng'ombe alikufa, udenda ukimtoka, akihema kwa shida. Mtaalamu wa mifugo alifika akiwa amechelewa, akasema mnyama kala sumu. Gladys akakumbuka mzigo wa majani alionunua siku moja kabla kwa Isack, muuza majani wa soko la Kwa Sadala. Bila shaka, alisema, kijana huyo kayakata kwenye shamba lililopigwa dawa. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini Gladys alikuwa akikitafuta Kwa Sadala. Habari ikashuka mlima, na hakuna aliyenunua tena kwa Isack.

Elisifa naye aliamini hivyo. Alikwenda kumpa pole jirani yake na kilo mbili za sukari. Gladys akamshika mikono.

"Asante, Mama Stella. Yale majani yako ndiyo aliyokula kwa hamu mara ya mwisho."

Baada ya wiki mbili, daktari mmoja wa mifugo alisimama hapa Pasua kumnunulia mkewe ua. Alilitambua. Akamwonya Elisifa kwamba majani haya, na hasa maua yake, huua ng'ombe kwa kuushambulia moyo.

"Kutojua, nimeshajisamehe," anasema. "Kunyamaza, hapana. Miezi minne nakaa benchi moja kanisani na Gladys, tunatumia kitabu kimoja cha nyimbo!"

Mwezi wa nane alikutana na Isack amebeba matofali kwa kibarua, shati limechanika begani.

"Akasema, 'Shikamoo, mama.' Nami nikaitikia marahaba. Marahaba! Ruwa, Mungu wangu, nilijiona mchafu."

Kwa Wachagga, aliyekosa hupeleka jani la isale kwa aliyemkosea kuomba radhi, na isale halikataliwi. Mimea ya isale imeota mpakani mwa kihamba, shamba la nyumbani la Elisifa, hatua chache kutoka mlangoni. Kwa nini basi hajachuma?

"Kwa sababu hiyo hiyo, halikataliwi. Ningelipeleka kwa Mama Ronald jioni, mlango umefungwa, angelipokea, yangeisha kati yetu wanawake wawili. Isack angebaki muuaji wa ng'ombe. Gladys nilimuulia mnyama. Yule kijana nilimuulia jina."

Sasa amepanga. Siku ya soko, alfajiri, atagonga kwa Gladys na isale la kwanza, amweleze yote. Kisha atateremka Kwa Sadala na la pili, alitoe mbele ya wauza majani na wanunuzi wao, na aseme kwa sauti aliyelisha sumu ni nani. Mtamba wa kumfidia Gladys atamnunua, hata vikiuzwa vyungu vyote hivi.

Alipoulizwa kama jina lake lifichwe, alikataa.

"Liandike lote. Na gazeti litoke siku hiyo hiyo ya soko, ili nikiogopa njiani nijue wameshasoma."

Leo ni siku ya soko Kwa Sadala.