Herufi za Pamba

Juzi dukani Bariadi niliona herufi za plastiki, nikakumbuka harufu ya miti ya pamba ikichomwa kwetu Ngulyati.

Mama alikuwa akibandika pamba kwenye boksi kwa uji mzito, akiunda herufi. "S ni nyoka anayekimbia moto wa shamba," alisema, akipitisha kidole changu juu yake. "Fanya haraka, mwanangu. Giza linaingia."

"Mayu, mbona jua liko utosini?"

Alipapasa boksi akitafuta T, nayo ilikuwa mbele yake. Machozi yalimtoka, nikadhani ni moshi.

Kabla ya msimu mwingine wa pamba, mimi ndiye niliyemshika mkono kwenda kisimani. Lakini mchana ule nilidhani ndivyo kusoma kulivyo, nikafumba macho, nikapapasa naye.