Kijana Aliyesubiri Shikamoo

Mimi si mtu wa kudanganywa, na nalisema hilo mapema usije ukadhani nimelishwa maneno. Dukani nasimama mbele ya mizani mpaka sukari itulie. Kuku akiuzwa rahisi namtazama macho kwanza. Mama mkwe wangu aliwahi kusema kwamba hata nikinyeshewa na mvua nauliza imetumwa na nani. Kwa hiyo ninapokwambia jambo hili lilinitokea, nikiwa na akili zangu timamu na sijaonja pombe, elewa kwamba kama ningepata njia ya kulikana, ningekuwa wa kwanza kulikana.

Naishi Kilosa, ng'ambo ya reli, juu ya kilima. Mke wangu Mwanaidi alivunjika nyonga, ikaunga vibaya, na tangu hapo hawezi kutanua miguu apande bodaboda, na kukaa upande madereva wanamkatalia. Bajaji hazifiki kwetu, zinaishia barabarani. Hospitali walimtaka aende mazoezi kila wiki, na walituambia wazi kwamba akiacha, mguu utakaza moja kwa moja. Alichotaka yeye ni kile alichokizoea tangu uchumba wetu: kukaa upande kwenye keria ya baiskeli yangu, mkono mmoja kiunoni kwangu. Nani angemnyima? Nikaamua kuunda baiskeli ya kila kazi, imbebe yeye, ibebe vitunguu vyangu, ipite tope la masika na lami pia.

Fundi wangu Selemani, pale karibu na soko, alinicheka.

“Unataka ya shamba, ya mjini na ya kumpakia shemeji, zote humohumo? Kaka, hiyo si baiskeli, hiyo ni ndoa.”

Tukabishana juu ya kila kipande. Yeye alitaka tairi zote mbili ziwe na meno makubwa. Mimi nikamwambia meno yanakula nguvu kwenye lami. Tukapatana: ya mbele yenye meno ishike tope, ya nyuma pana yenye mistari myepesi. Rimu ya nyuma ya chuma na spoku nene, maana mzigo wote unakaa huko. Gia nilizikataa, kwa sababu kitu chenye vikorokoro vingi kinatafuta tu siku ya kukusaliti. Breki nilitaka za fimbo. Waya hukatika kimyakimya, lakini fimbo ikilegea inapiga kelele. Na taa nilitaka ya dinamo, ile inayosuguana na tairi, isiyotumia betri za kuibiwa. Ikabaki fremu.

Fremu za dukani Selemani alizigonga kwa spana akatikisa kichwa, mabomba membamba. Nikasikia kwamba Mikumi, pale malori yanapolala, kuna mtu anauza vyuma na fremu za zamani. Nikapanda basi. Niliikuta imetundikwa kwenye msumari, fremu nzito ya kizamani, bomba nene, imepakwa rangi nyeusi mbichi. Nikaigonga, ikalia vizuri. Nikamwuliza muuzaji imetoka wapi, akajibu bila kubabaika. Nikamwambia twende tukaandikishane kwa mjumbe, maana mwenye kitu cha wizi hapo ndipo hukumbuka kwamba ana safari. Akasema twende, na kweli tukaenda.

Nilirudi Kilosa nimeridhika, fremu juu ya basi. Niliulizia wizi mpaka nikachoka. Swali moja dogo sikuliuliza: chuma cha zamani kimepakwa rangi mpya ya nini?

Selemani alimaliza kuifunga jioni moja. Nikaipeleka kwenye mteremko wetu wa kuingia mjini nikajaribu breki. Chini ya mteremko ule kuna kalavati, na pembeni yake mawe makubwa. Jua lilikuwa limeshazama, lakini mtu ulikuwa bado unamtambua vizuri.

Juu ya ukingo wa kalavati alikaa kijana. Ndevu zenyewe zilikuwa bado zinaulizia njia. Alivaa shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka shingoni, na suruali bugaluu, ile pana chini kama ya baba zetu kwenye picha za zamani. Nikasema moyoni, fasheni huzunguka, wacha wavae.

Nikasimama. Unajua huku kwetu ilivyo. Mimi nina mvi, yeye mtoto, basi nikangoja shikamoo yangu. Haikuja. Akanitazama tu, naye ananingoja! Niamini, tulikaa hivyo, mtu mzima na kijana, kila mmoja anasubiri kuamkiwa. Nikaanza kumshuku hapohapo. Kijana asiye na adabu jioni, kando ya barabara, mbele ya baiskeli mpya, anataka nini kama si wizi? Nikaishika mikono ya baiskeli kwa nguvu.

Mwishowe akasema kwa upole, kama mtu anayemsamehe mtoto, “Hujambo, mwanangu.”

“Mwanao nani?”

Hakujali. Akanyoosha kidole akagusa shingo ya fremu, pale bomba linapokutana na usukani. “Kwa gunia haitakudhuru sana,” akasema. “Mkeo usimpakie. Anakaa upande, na uzito wote unakuja hapa.”

Kabla sijamjibu, taa ikawaka. Sikiliza vizuri: baiskeli imesimama, mguu wangu uko chini, tairi haizunguki. Dinamo bila tairi kuzunguka itatoa umeme wapi? Lakini iliwaka, ikaangaza ukingo wa kalavati kutoka mwanzo hadi mwisho, na juu ya ukingo hapakuwa na mtu.

Unadhani nilikimbia kwa kuogopa mzimu? Wala. Nilipanda kile kilima mbio kwa wivu. Taa nilijiambia Selemani kaficha betri mahali, na kijana karuka mtaroni. Kilichonichoma kilikuwa kingine. Anajuaje mke wangu anavyokaa kwenye baiskeli?

Nilimkuta Mwanaidi anachambua mchele. Sikumpa hata salamu.

“Unamfahamu kijana mmoja wa bugaluu?”

Alicheka kwanza. Alipoona uso wangu, akaacha kucheka na ungo akauweka chini. “Baba Zena, nyonga hii, naenda chooni kwa kushika ukuta, halafu nina kijana?”

“Sijasema una kijana. Nimeuliza unamfahamu.”

“Haya, nimekuelewa. Kesho hospitali nitajikokota mpaka barabarani nipande bajaji, hata nikilia njiani. Hiyo baiskeli yako mpakie wivu wako.”

Mwanaidi akisema amesema. Asubuhi alijikokota kweli, fimbo mkononi, bila kugeuka nyuma. Nilimfuata kwa mbali hadi alipopanda bajaji, kisha nikarudi nikafunga gunia la vitunguu kwenye keria, pale alipotakiwa kukaa yeye, nikaanza kushuka nyuma yao. Bado nilikuwa nachungulia kila kichaka, nikimtafuta mwenye bugaluu.

Karibu na kalavati nikasikia mlio mmoja, mkavu. Shingo ya fremu ikakatika. Gurudumu la mbele likaendelea na safari peke yake, na mimi nikaenda chini na meno. Gunia liliruka kando likapasukia kwenye yale mawe. Nilipoinua kichwa nikaona vitunguu vilivyopondeka vimetapakaa pale, nikajua ni nani angekuwa pale. Nililia. Watu walidhani nalilia mdomo wangu unaotoka damu.

Waliokusanyika walikuwa wengi. Mmoja alikuwa mzee wa mvi tupu, mstaafu wa reli anayeishi karibu na hapo. Nilimwamkia nikiwa bado chini, akaitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye fremu. Akapiga goti, akakwangua rangi nyeusi kwa ukucha pale palipokatika. Chini ya rangi kulikuwa na mshono wa kuchomelea, wa siku nyingi, umeliwa na kutu.

“Hii umeitoa wapi?”

“Mikumi, mzee.”

“Mshono huu ni wa kaka yangu. Aliuchomelea mwenyewe, karakana ya reli, na alijua hauna nguvu. Alitaka kumpeleka mke wake kwa wazazi siku ile, akasema itafika tu.” Akaonyesha yale mawe kwa kidevu. “Mshono ukafumuka nusu hapa mteremkoni, shemeji yangu akarushwa, akafia pale. Kaka hakula tena akashiba. Masika yaliyofuata tukamzika naye, kijana kabisa, na fremu tukaiuza mbali tusiione.”

Nikamwuliza, kwa sauti ndogo, kama kaka yake alikuwa anavaa bugaluu.

Mzee aliinua macho kutoka kwenye fremu. “Alikuamkia?”

“Hakuniamkia. Alikuwa anasubiri mimi nimwamkie.”

Hapo yule mzee akacheka, machozi yanamtoka. “Ndiye. Hata sisi wadogo zake aliotupita kidogo tu, usipomwamkia shikamoo hakupi chakula.”

Sasa hivi nina fremu nyingine, mpya, niliyoikwangua rangi mbele ya muuzaji mpaka akanuna. Mwanaidi anakaa upande, mkono kiunoni, na mguu wake unakunjika kidogo siku hizi. Sijaacha kushuku watu, na jino la mbele sina. Lakini tukirudi jioni nasimama pale kalavati, nasema, “Shikamoo, baba.” Mwanaidi naye anaamkia. Hakuna anayeitikia. Ila taa, ile ileile ya dinamo, haizimiki nikiwa nimesimama. Inabaki inawaka mpaka Mwanaidi akae sawa kwenye keria. Selemani ameifungua mara nyingi kwa ajili yangu, na hajaona betri.

Nawe ukipita huku kwetu jioni na baiskeli, umempakia umpendaye, ukamkuta kando ya njia kijana asiye na ndevu anakutazama bila kukusalimia, usimngojee. Amkia kwanza. Umri utauliza baadaye.