Mnada umesimama, mapazia bado yako mashineni

Saa moja asubuhi, Mama Pindo ameshatia uzi kwenye cherehani na anakunja ukingo wa pazia la kijani. Kibanda chake ni cha tatu kutoka lango la soko, kina mashine mbili, moja mbovu. Pazia ni la mteja. Dirisha litakalovaa pazia hilo ni la sebuleni kwake Mama Pindo.

"Usiniulize mara mbili," anasema, pini mdomoni. "Ndivyo ilivyo."

Jina la Mama Pindo alipewa na wenzake sokoni kwa jinsi anavyonyoosha pindo. Yeye na mumewe, fundi ujenzi, walijenga nyumba ya vyumba vitatu kwa mkopo wa benki. Mume alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika nyonga, malipo yakayumba. Wakaenda benki kujieleza. Ofisa mmoja akawaambia watulie, mkopo unapangwa upya, wasilipe chochote hadi waitwe.

Wakatulia. Aliyekuja kuwaita ni dalali wa mnada.

"Ofisi hiyohiyo moja! Huyu anasema ngoja, yule anauza," anasema mumewe, ambaye sasa anatembelea mkongojo. "Mimi nilishakata tamaa. Mwenzangu ndiye aliyegoma."

Watu wakaanza kuja kuikagua nyumba, mume akiwafungulia mlango. Wiki hiyohiyo mama mmoja mgeni akafika kibandani na kitambaa na vipimo vya dirisha. Mama Pindo akavisoma, akakaa chini. Dirisha lililo pana juu kuliko chini kwa vidole viwili analijua moja tu duniani. Mumewe alilikosea, naye humtania kwa hilo tangu wahamie.

Kazi akaipokea.

"Ningefanyaje? Nina mgonjwa, nina watoto shuleni. Ila niliumia, sikufichi."

Mnada ulipokaribia, malalamiko waliyopeleka kwa msuluhishi wa migogoro ya mikopo yakajibiwa: nyumba isiuzwe hadi pande zote mbili zisikilizwe. Benki inadai hakuna ofisa aliyewaruhusu kuacha kulipa. Mama Pindo anasema ofisa huyo atamtambua hata gizani.

"Shati lake kola ilikuwa imeshonwa upande. Nilikuwa namsikiliza huku mikono inaniwasha niifumue!"

Mteja alipoambiwa nyumba ni ya nani, aliomba radhi. Kisha akaongeza, "Malizia tu, dada. Huwezi jua."

"Angenitukana ningemsamehe," anasema Mama Pindo, na kwa mara ya kwanza anasimamisha mashine.

Kikao cha usuluhishi ni wiki ijayo. Ataomba warudishiwe utaratibu wa kulipa kidogokidogo, na tayari ameahidiwa kazi ya sare na shule moja ya jirani.

"Sitaki nisamehewe deni. Nataka nilipe, nilale kwangu," anasema. "Mapazia yake nitampa, tena yamepigwa pasi. Dirisha atafute lake."