Kitufe Karibu na Sakafu

Saadiya binti Abdulla ni fundi wa redio hapa mtaani Amani, na ukuta wa chumba chake cha kazi ndio ukuta wa jiko langu. Naanza na ukuta kwa sababu kwa miaka kumi na moja nilimsikia mumewe, Talib, akimpiga upande wa pili, na nilichofanya ni kuongeza sauti ya televisheni. Mtaa mzima ulisikia. Mtaa mzima ukasema ya mke na mume hayaingiliwi. Tulikuwa waoga, na uoga wetu tukauita adabu.

Talib ni mpishi wa hoteli Bwejuu. Siku tano yuko huko, siku mbili yuko nyumbani. Siku tano Saadiya alipona, siku mbili akavunjwa upya. Talib aliwahi kumng'oa jino kwa sababu chai ilipoa. Siku nyingine alimchapa kwa waya wa pasi ya mteja mpaka mgongo ukafura, na kesho yake Saadiya akaumaliza ufundi wa pasi ile ile, akampa mwenyewe pasi yake.

Ufundi Saadiya aliurithi kwa baba yake. Redio zilipoanza kuadimika, akaona kwenye simu watu wakitumia bodi ndogo za umeme zinazoandikiwa amri kwa kompyuta, kisha zikazitii zenyewe. Akanunua moja sokoni Darajani, ya buluu, inaenea kiganjani, na kompyuta kuukuu akaazima kwa ndugu yake. Wiki tatu bodi na kompyuta hazikusemezana. Akadhani bodi imekufa. Kumbe waya wake ulikuwa wa kuchajia simu tu, unapitisha umeme lakini haupitishi amri. Alipoubadilisha, kitaa kidogo cha bodi kikaanza kuwaka na kuzima, akaniita nikaone.

Nikamwambia taa za harusini nazo huwaka hivyo hivyo.

"Zile zimeamrishwa huko zilikotoka, Bi Zuleikha," akasema. "Hii n'meiamrisha mimi."

Jioni ile Talib aliikanyaga bodi kwa kisigino, kisha akamkanyaga na yeye. Mwezi uliofuata Saadiya akanunua nyengine.

Mwaka jana wezi walitusakama. Walikuja mchana kweupe, wakang'oa pampu za maji, na ukipiga kelele watu walichungulia dirishani wakarudi ndani. Tukamwomba Saadiya atutengenezee king'ora. Akaweka bodi na king'ora chumbani kwake, vikitumia betri ya gari ili umeme ukikatika visizime, na kila nyumba akaivutia waya na kitufe mlangoni. Mzee Kificho, mwenye duka, ndiye aliyetoa sharti: king'ora kikilia, kila nyumba itoe mtu na silaha yake, na hakuna kurudi mpaka kinyamaze. Tukakubali sote. Saadiya akaziandika amri kwa sharti hilo. Kikishaanza, hakuna cha kukizima ila swichi moja, nayo ni yeye tu aliyejua ilipo.

Vitufe vyetu vilikuwa usawa wa kifua. Chake alikipigilia chini ya meza ya kazi, shibiri moja kutoka sakafuni. Nilimuuliza kwa nini.

"Hapo ndipo patakaponifaa," akasema.

Nilifahamu. Nikajitia sikufahamu.

Ilikuwa Jumamosi baada ya adhuhuri. Talib alirudi, akamkuta analehemu na wali haujapikwa. Nilisikia meza inagongwa ukutani, kofi, kisha teke. Mkono wangu ukaenda kwenye rimoti, kama kawaida yangu. Halafu Saadiya akatoa ukelele ambao miaka yote ile sikuwahi kuusikia, na king'ora kikalia.

Nilichukua mchi wa kinu. Nje watu walikuwa washatoka na mapanga, marungu na mitarimbo, wakitafuta mwizi. Tukausukuma mlango wa Saadiya. Alikuwa amelala chini, bega limebana kitufe, damu inamtoka mdomoni. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimeungua. Talib alikuwa amekikandamiza juu ya chuma cha kulehemu, na harufu ya nyama ilikuwa bado chumbani.

"Hakuna mwizi hapa," Talib akasema. "Rudini kwenu. Haya yangu na mke wangu."

Na watu wakaanza kugeuka, wallahi. Mzee Kificho akashusha fimbo, akamwambia Saadiya akizime tuondoke.

"Sharti umelitoa wewe, mzee," Saadiya akasema pale chini. "Sizimi mpaka mwizi akamatwe."

Kwa sharti letu wenyewe, hakuna aliyeweza kutoka. Tukasimama, kelele zinatupasua masikio, tukitazama kwa macho yale tuliyoyasikia miaka kumi na moja. Talib akaziparamia waya azing'oe, lakini zilikuwa nyingi, hazikumalizika, akainua mguu juu ya kichwa cha mkewe.

Nikampiga mchi wa kiwiko. Mfupa ulilia, na sijuti. Nikampiga wa pili begani. Baada ya hapo sikuwa peke yangu. Walimpiga marungu na mateke, akatema meno mawili, uso ukawa haujulikani. Mabrouk, muuza samaki, ilibidi amlalie juu ili asifie mikononi mwetu. Na baadhi ya waliompiga kwa hamu kubwa nawajua wanavyofanya majumbani mwao.

Saadiya akanyoosha mkono wa kushoto, akazima. Polisi wakamchukua Talib, naye hivi sasa ana kesi. Talaka imeshatoka. Kiganja kimepona vibaya, vidole viwili havikunjiki, analehemu kwa mkono wa kushoto.

Wiki ile wanawake walianza kuja kwake mmoja mmoja. Kila mmoja alitaka kitufe cha pili, jikoni, karibu na sakafu. Saadiya hakumuuliza yeyote sababu.

Juzi, saa nane mchana, king'ora kililia, na Saadiya akaisoma bodi, akanipigia kelele ukutani kwamba ni kitufe cha jikoni kwa mke wa Mzee Kificho. Nilitoka na mchi, viatu sikuvaa.