Mama na Dhahabu ya Shoguni

Ilibaki kazi moja tu nipate cheti cha shule ya jioni: nisimame mbele ya darasa dakika kumi, nieleze jinsi serikali ya Japani ya kale ilivyoshika migodi na sarafu. Mara ya kwanza nilisimama, nikatoka jasho la kujaza bwawa, nikakaa. Mwalimu akanipa nafasi ya pili, na ya mwisho.

Jumamosi nikafanya mazoezi jikoni kwetu Mount Druitt, huku ughaibuni. Msikilizaji alikuwa mama, anaosha mchele. Nikamtafsiria: shoguni, yule mtawala mwenye majeshi, alifanya migodi mikubwa ya dhahabu na fedha iwe yake. Sarafu zilipigwa na aliowaruhusu tu. Ukipiga yako, shingo yako ni halali ya upanga. Akiishiwa, anapunguza dhahabu ndani ya sarafu, thamani anasema ni ileile.

"Kama muuza maziwa na maji yake," mama akasema. "Lakini unasoma kama tangazo la mazishi. Wachimbaji je, walipekuliwa wakitoka?"

"Kitabu changu hakisemi."

"Basi aliyekiandika hajachimba."

Karai la mchele likaanza kuzunguka mikononi mwake, polepole, maji yakimwagika ukingoni bila punje hata moja kutoka. Maisha yangu yote nilijua mama aliuza vitambaa kule Kongo.

"Vitambaa vilikuja baadaye," akasema. "Nilikuwa naosha mchanga wa dhahabu, wewe mgongoni. Jioni askari wanapekua mpaka nywele. Mtoto aliyelala hawakumgusa."

"Dhahabu uliificha wapi?"

Akacheka, akaniwekea kidole chenye maji nyuma ya shingo. "Hapa, kwenye mikunjo. Ulikuwa mnene, Mungu asifiwe. Shingo hii imetununulia chumvi na sabuni."

Jumanne akapanda treni nami, akakaa kiti cha nyuma darasani. Nikasimama. Jasho likaja, bwawa lilelile. Nikamtazama, nikaweka karatasi chini.

"Mimi," nikasema, "nimewahi kuvusha dhahabu ya magendo. Nilikuwa na miezi saba."

Darasa likacheka mpaka madirisha yakatikisika. Baada ya hapo shoguni alitoka mwenyewe, na migodi yake na sarafu zake, kama jirani ninayemsengenya.

Kwenye treni ya kurudi mama akauliza, "Mwalimu amesemaje?"

"Nimefaulu."

Alinyoosha mkono mbele ya abiria wote, akanipapasa shingo, mkunjo kwa mkunjo, kama anayehakikisha hajasahau punje. Nami, baba wa watoto watatu, nikainamisha kichwa apekue vizuri.