Bibi wa Ukutani Alikuwa na Mgongo

Siku niliyonyoa nyusi zangu zote mbili kwa wembe wa baba naikumbuka vizuri, mwanangu, hata ningependa kuisahau. Nilikuwa kidato cha pili, miaka ya sitini ikielekea ukingoni, na niliamini kwamba London imebaki hatua moja tu. Mimi huyu, ambaye hadi leo nikifika Kisumu naulizia gari la kurudi nyumbani!

Kosa lilianzia ukutani. Nyumba zetu za udongo tulizipamba kwa kurasa za magazeti, tukizibandika kwa uji mzito. Mjomba wangu, aliyekuwa mpishi kwenye shamba la chai, alituletea gazeti la Kiingereza, na katika ukurasa mmoja alikuwamo mwigizaji wa filamu wa Uingereza: mabega wazi, shingo ndefu, nyusi nyembamba kama uzi. Jina lake lilikuwa limeliwa na makasi, basi tukamwita Bibi wa Ukutani. Nililala nikimtazama, nikaamka nikimtazama. Magokoro, yaani nyanya yangu, yeye alimhurumia tu kwa baridi inayompiga mabegani.

Shuleni tulikuwa tukitayarisha mchezo wa siku ya wazazi, na mimi nilikuwa malkia. Nilipoingia bila nyusi, mwalimu aliniuliza kama nimeungua. Kicheko cha darasa nadhani kilisikika hadi kilima cha Nyanchwa. Ubaya ni kwamba sikuwa nimekariri hata mstari mmoja. Nilikuwa nimejifunza kugeuza shingo. Umalkia akapewa Kerubo, mwenzangu wa darasani. Mimi nikapewa kikongwe anayepalilia shamba la wimbi, ule ulezi wa uji, mwenye maneno matano.

"Na ukikosea hayo matano," mwalimu akasema, "utabaki kuvuta pazia."

Nilifika nyumbani nikilia. Magokoro alikuwa akikwangua ukuta ili apake udongo mpya, na wala hakunibembeleza. Ukurasa ulimbandukia mkononi mzimamzima. Hakujua kusoma, lakini macho alikuwa nayo.

"Huyu bibi yako ana maneno mgongoni," akasema. "Soma."

Mwanangu, miaka miwili nilikuwa nimebandika sura nje na maisha ndani! Kule nyuma kuliandikwa kwamba alikuwa binti wa dobi. Watengeneza filamu walimkataa hata akazoea kuonyeshwa mlango. Alifagia jukwaa. Nafasi yake ya kwanza ilikuwa kizee cha kufua nguo, na ili aipatie, alikaa majuma matatu na wafuaji, akafua mpaka vidole vikachubuka. Hapo ndipo dunia ilipomfungukia: filamu juu ya filamu, hariri, watu wakipanga foleni mvuani kumwona akishuka garini. Na hata baada ya kuwa nyota, kazini alifika wa kwanza.

"Kumbe ni mtu wa kazi," Magokoro akasema, kama aliyepata mkwe mzuri. "Basi kesho twende egesangio."

Egesangio ni wanawake wanaolimiana mashamba kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Mimi siku hizo zote nilikuwa bingwa wa kuumwa tumbo.

"Ee, mwanafunzi amekuja! Mleteeni kiti!" walinipokea hivyo. Baada ya kitambo mmoja akanishika mkono: "Hilo uling'oalo ndilo wimbi, mama. Gugu umeliacha linastarehe."

Majuma mawili nilipalilia nao. Wimbi changa na gugu lake ni kama pacha. Ukikosa jicho, unang'oa uji wa watu. Nikajifunza pia jinsi Magokoro anavyoshika kiuno kabla goti halijakunjika, anavyosema na jirani bila kuinua macho, na jinsi mmoja anavyoanzisha wimbo na wengine wakaupokea.

Siku ya wazazi nikaingia jukwaani nimejikunja, jembe mkononi, kiuno kimeshikwa. Sijasema neno, akina mama wakaanza kugusana kwa viwiko. Nikaanzisha wimbo wa palizi. Nilikusudia kuuimba peke yangu, lakini egesangio nzima, iliyokaa nyasini mbele, ikaupokea! Maneno yangu matano yalizama katika vigelegele. Mwalimu, machozi ya kicheko yakimtoka, akaniamuru niingie upya. Malkia alisubiri kando na taji lake mpaka sisi wakulima tumalize.

Tangu hapo hakuna mchezo uliofanywa shuleni bila mimi. Na miaka ya sabini nilikuwa na kikundi changu cha maigizo, tukizunguka kutoka Mosocho hadi masoko ya Nyamira, mimi kikongwe yuleyule, na watu walipanda juu ya mikokoteni kuniona. London sikufika. Lakini kila jioni nililala kitandani kwangu, na hiyo nayo ni enzi.

Mwanangu, sikukatazi utukufu. Utake! Mimi niliuonja, na ni mtamu kuliko asali. Ila vyaelea vimeundwa: ukimwona mtu aking'aa, mgeuze kwanza usome mgongo wake, kisha uige huko. Na kazi ndogo ukipewa, ifanye mpaka wakubwa wasubiri. Mungu akupe jicho la kutofautisha wimbi na gugu, akupe mikono isiyoogopa sugu, na siku yako ikifika, mama zako wawe mbele wakikupokelea wimbo.

Sifa nazo usizilewe. Siku ile niliposhuka jukwaani nikielea, jirani yetu mama Nyaboke alinisubiri chini, akanitazama juu mpaka chini, akasema: "Umelima vizuri sana, lakini sikuona hata gugu moja likitoka. Kesho ni zamu ya shamba langu. Uje mapema."